Mikono iko vizuri ila ukumbi unapoa, nakosea wapi?

Wakuu, habari zenu. Huu ni mwaka wa tatu nafanya mazingaombwe jukwaani. Mikono haina shida: kamba, sarafu, karata, vyote vinanitii. Shida ni watazamaji. Juzi nilikata kamba mbele yao, nikaiunganisha, nikaambulia makofi ya hapa na pale. Nikakimbilia leso, kisha karata. Mazingaombwe tisa kwa dakika kumi, hakuna aliyeshtuka. Kazi hii naipenda mno. Naombeni ushauri.

Mzee wa Leso: Mdogo wangu, jibu umelitaja mwenyewe. Tisa kwa dakika kumi! Mtu hajamaliza kushangaa, umeshamletea jingine. Bakiza matatu. Kamba ikishaungana, nyamaza. Mpe wa mstari wa mbele aivute mwenyewe, nawe mtazame yeye usoni. Wengine wote watamtazama yeye, na mshangao wake utawaambukiza.

Karata Moja: Naongezea. Mwaka 1908 Houdini, mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani aliyejulikana kwa kujinasua, alianza kufungiwa ndani ya kopo kubwa la maziwa lililojaa maji. Kabla ya kuzama, aliwaomba watazamaji wabane pumzi pamoja naye. Wao wanashindwa mmoja mmoja, yeye bado yumo majini. Hapo hatari hawasimuliwi, wanaisikia vifuani mwao. Sasa kamba yako ikikatika, nani kapoteza nini? Azima pete ya mtu. Ikitoweka, ukumbi mzima unaitafuta pamoja naye.

Mleta mada: Asanteni sana wakuu. Ila nikinyamaza naona kama watadhani nimesahau.

Mzee wa Leso: Vuta pumzi mbili taratibu, usishushe mabega. Kimya unachokiona kirefu wao wanakiona kifupi.

Binti Kofia: Na huyo unayemwita jukwaani mtunzie heshima. Muulize jina, mshukuru, msindikize hadi kwenye ngazi. Ukimdhalilisha, ukumbi unahamia upande wake. Halafu jirekodi, uitazame video bila sauti. Macho yako yanapokwenda ndipo na yao yanapokwenda.

Mleta mada: Nimejirekodi usiku huu. Kila nikificha sarafu mkono wa kushoto, macho yangu yanashuka kushoto, mara sita kati ya sita! Miaka mitatu sikuwahi kuliona hili. Nalifanyia kazi wiki nzima, kisha Jumamosi naanza na pete.