Binti hajaamua: uhandisi, biashara au uuguzi (Minnesota)

Ndugu zangu, binti yetu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, Minneapolis. Hesabu anaziweza, ila hajaamua kati ya uhandisi, biashara na uuguzi, na fomu za vyuo zinamtaka ataje fani. Ajaze nini?

---

Dada, kabla ya fani angalia milango. University of Minnesota ya Twin Cities humpokea mtoto katika kitivo maalumu: uhandisi una chake, biashara iko Carlson, shule ya biashara ya chuo hicho, uuguzi una shule yake. Akitaka kuhama baadaye anaomba upya. Basi aanzie kule ambako kuingia baadaye ni kugumu zaidi. Piga simu kila kitivo, uliza: wanaohamia wanatakiwa GPA (wastani wa alama) ngapi, wawe wamemaliza kozi zipi, na akitimiza yote, nafasi ni ya uhakika au bado anashindania? Hilo la mwisho wengi hawaulizi, na ndilo linaloumiza.

Muhula wa kwanza achukue Kalkulasi I ile ya wahandisi, Kemia ya Jumla na maabara yake, uandishi, na kozi ya kwanza ya uchumi. Hizo ni krediti (vipimo vya uzito wa kozi) kama 15. Kalkulasi hiyo kwa kawaida inakubalika biashara. Kalkulasi ile fupi ya wanafunzi wa biashara haikubaliki uhandisi. Hapo ndipo mwaka unapopotea: huingii Kalkulasi II bila ya kwanza, na fizikia ya uhandisi nayo inasimama juu ya kalkulasi. Akichelewa muhula mmoja, kozi zote za mbele zinasogea. Aiepuke pia fizikia ya aljebra, isiyotumia kalkulasi, kama uhandisi bado uko moyoni.

---

Naongezea upande wa afya. Uuguzi una kozi zake ambazo mhandisi hazigusi: anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, saikolojia ya makuzi. Takwimu aichukue mapema, inamfaa kote kuwili, uuguzi na biashara. Asome anatomia kwa utulivu, maana shule nyingine hazikubali kuirudia zaidi ya mara moja, na nyingine hazipokei kozi ya sayansi iliyokaa miaka mingi.

Shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii na ile ya miaka minne zote humpeleka kwenye mtihani uleule wa leseni ya uuguzi, NCLEX-RN. Hakikisheni programu imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo, na ina ithibati ya ACEN au CCNE, mashirika yanayothibitisha ubora wa programu za uuguzi. Kwa uhandisi tafuteni ithibati ya ABET, tena ya programu yenyewe, si jina la chuo tu. Na akivutwa na udaktari, ajue "pre-med" si shahada. Ni orodha ya kozi anayoweza kuibeba pamoja na fani yoyote.

---

Kuhusu ada: jazeni FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba misaada ya masomo, kila mwaka. Familia yenye mapato yaliyorekebishwa (AGI, yale ya kwenye fomu ya kodi) chini ya dola 80,000 inaweza kupata North Star Promise, msaada wa jimbo unaolipa ada ya masomo inayobaki baada ya misaada mingine katika vyuo vya umma vya jimbo. Ukomo wa Pell, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye uhitaji, ni sawa na mihula 12 ya kusoma kikamilifu, basi kubadili fani kuna bei. Vyuo vingi pia hudai mwanafunzi amalize asilimia 67 ya krediti alizoanza, na kozi aliyoiacha kwa W (alama ya kujiondoa) inahesabika kama alianza. Kabla ya kuacha kozi yoyote, apite kwanza ofisi ya misaada ya fedha.