Gari dogo la petroli kwa safari za Mbezi hadi mjini: CC 990 au IST?

Mkazi wa Mbezi:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaoendesha magari madogo hapa Dar es Salaam kila siku, kwa sababu nakaribia kununua gari langu la kwanza na nisingependa kuamua kwa maneno ya madalali peke yake. Ninaishi Mbezi Luis, kazi yangu iko Upanga, na njia yangu ni Barabara ya Morogoro kwenda na kurudi siku zote za kazi. Asubuhi tunakuwa wanne garini, kwa kuwa mke wangu anashuka Ubungo na watoto wawili wanashuka shuleni Magomeni; jioni mara nyingi narudi peke yangu. Kutoka kwenye lami hadi nyumbani kuna kipande cha barabara ya udongo chenye mlima na makorongo, na masika yakianza huwa kibaya sana.

Nimetenga shilingi milioni 13, na ndani ya fedha hiyo lazima ibaki akiba ya bima na matengenezo ya mwanzo. Magari ninayoyafikiria ni ya Toyota: Passo au Vitz yenye injini ya ujazo wa CC 990, na IST ya CC 1290. Jirani yangu anashikilia kwamba injini ndogo haina nguvu, na kwamba nikipakia watu wanne na kuwasha kiyoyozi itakula mafuta kuliko hata IST. Je, jambo hilo ni kweli? Na kama ni kweli, ni kwa kiasi gani?

Fundi wa Gerezani:

Ndugu, jirani yako ana hoja, lakini ameipanua kupita kiasi. Injini ya CC 990 unayoizungumzia ni ileile katika Passo na Vitz, nayo ni 1KR-FE yenye silinda tatu na ujazo halisi wa CC 996. Ukiwa umesimama kwenye foleni ya Ubungo au Magomeni injini ikiunguruma bila gari kusogea, silinda tatu ndogo zinahitaji mafuta machache kuliko silinda nne za IST, na safari ya kutoka Mbezi hadi Upanga ina kusimama kwingi. Zaidi ya hapo, Passo ina uzito wa takriban kilo 900 wakati IST inakaribia tani moja, na kila unapoondoka baada ya kusimama unaanza upya kuusukuma uzito huo. Mahali ambapo jirani yako yuko sahihi ni mlimani: ukiwa na watu wanne na kiyoyozi kimewashwa, injini ndogo inalazimika kuzunguka kwa kasi kubwa ili kupanda, na hapo faida yake hupungua sana. Lakini mlima wako ni kipande kifupi, na foleni ni sehemu kubwa ya safari.

Usiviamini viwango vya Japani ukavibeba kama vilivyo. Passo ya toleo la 2014 ilipimwa kilomita 27.6 kwa lita moja, lakini kipimo hicho cha Kijapani kiitwacho JC08 hufanyika maabara, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kwa magari ninayoyahudumia yanayopita njia kama yako, Passo iliyo nzima hutembea kilomita 13 hadi 15 kwa lita, na IST ya CC 1290 kilomita 10 hadi 12.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kwenda na kurudi ni kilomita 50, na kwa mwezi unafika kilomita 1,100. Kwa kilomita 14 kwa lita utatumia lita 79. Kwa kilomita 11 utatumia lita 100. Tofauti ni lita 21, na tukichukua shilingi 3,000 kwa lita kama mfano, kwa kuwa EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hubadilisha bei kikomo kila mwezi, unaokoa takriban shilingi 63,000. Fedha hiyo si ndogo kwa mtu wa mshahara, lakini giaboksi mbovu inaweza kumeza akiba ya mwaka mzima au zaidi kwa siku moja. Kwa sababu hiyo mimi humshauri mteja aiangalie giaboksi kwanza, kisha ndipo aulize CC.

IST ya kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ina giaboksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia nne, ambayo mafundi wengi wa hapa mjini wanaifahamu vizuri. Passo ya kwanza, iliyotoka 2004, nayo ina gia nne. Passo iliyofuata, ya kuanzia 2010, inatumia CVT, yaani giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, ambayo inapunguza ulaji wa mafuta lakini haivumilii oili isiyo yake. Nimepokea magari mengi yaliyowekewa oili ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT, na dalili zake ni zilezile: gari linatetemeka likianza kuondoka polepole, kisha linapoteza nguvu mlimani. Mlima wa nyumbani kwako utaifichua giaboksi ya namna hiyo mapema.

Upande wa spea usiwe na wasiwasi, kwa kuwa za magari yote matatu zinapatikana Kariakoo, ingawa za IST ndizo nyingi zaidi na ushindani wa wauzaji huzishusha bei.

Mama wa Kimara:

Kaka, mimi ninaendesha Vitz ya CC 990 kwa njia hiyohiyo yako, isipokuwa ninaanzia Kimara, na ninaongeza mambo ambayo fundi hakuyagusa. Nguvu inatosha. Ukiwa na mizigo mlimani unazima kiyoyozi kwa muda, unapanda, kisha unakiwasha tena, na baada ya wiki chache unafanya hivyo bila hata kufikiri. Jambo linalonisumbua kuliko nguvu ni urefu wa gari kutoka ardhini. Kwenye makorongo ya masika tumbo la gari linagusa, hasa abiria wa nyuma wakiwa wawili, kwa hiyo kabla ya kununua lipeleke gari hadi nyumbani kwako likiwa na familia nzima. Muuzaji akikataa safari hiyo, tafuta muuzaji mwingine. Jangwani wakati wa mvua kubwa usijaribu kupita kwenye maji ukiwa na gari dogo hata kama unaona daladala zinapita, kwa sababu mdomo wa kuvutia hewa ya injini uko chini, na maji yakiingia humo injini imekwisha.

Kuhusu ulaji wa mafuta, naomba usitegemee mshale wa tenki. Jaza tenki mpaka bomba lijikate lenyewe, rudisha kilomita za safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ileile na ugawe kilomita kwa lita ulizoweka. Ukifanya hivyo kila unapojaza utajua gari lako likianza kuugua kabla taa ya injini haijawaka. Upepo wa tairi nao uupime tairi zikiwa zimepoa, kwa kufuata kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, kwa sababu tairi laini hula mafuta kimyakimya na wengi wetu tunamlaumu fundi bure.

Mkazi wa Mbezi:

Nashukuru sana, dada, na wewe fundi. Nimeoneshwa Passo mbili. Moja iko hapa nchini na imeshasajiliwa kwa namba D, na muuzaji anasema ni ya CC 990. Nyingine bado iko Japani, na yadi inanipa bei ya kuifikisha bandarini tu. Ninawezaje kuhakikisha kwamba hiyo ya kwanza ni CC 990 kweli, na hiyo ya pili itaongezeka kiasi gani hadi nipate kadi ya usajili?

Mtoa Magari Bandarini:

Kwa ile ya kwanza, soma mwanzo wa namba ya chesesi, usiishie kwenye maneno ya muuzaji. KGC10 ni Passo ya kwanza yenye injini ya 1KR, na KGC30 ni ile iliyofuata yenye injini hiyohiyo. Ukiona QNC10 au NGC30, hiyo ni CC 1300. Kwa Vitz, KSP90 na KSP130 ni za CC 990. Linganisha namba hiyo na iliyoandikwa kwenye kadi, herufi kwa herufi.

Kwa ile ya Japani, bei ya kufika bandarini ni mwanzo tu. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, na hapo katikati ndipo gari dogo linapokusaidia: gari lisilozidi CC 1000 halitozwi ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, wakati la CC 1001 hadi 2000, kama IST, hutozwa asilimia 5. Lakini umri nao una ushuru wake. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30, kwa hiyo Passo kuukuu yenye bei tamu Japani inaweza kukufikia ghali kuliko ile iliyoizidi kwa upya. Tena TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hukadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake, hata kama risiti yako inaonesha bei ya chini. Ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika katika tovuti ya TRA, weka aina, mwaka na CC, upate makadirio kabla hujatuma hata senti. Baada ya hapo ongeza gharama za bandari, wakala na usajili. Kwa milioni 13 zenye akiba ndani yake, sioni nafasi ya kuagiza Passo iliyo chini ya miaka 8.

Fundi wa Gerezani:

Nakubaliana na mtoa magari. Basi hiyo ya namba D, kama ni KGC30, ijaribu asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Mtikisiko mdogo ikiwa imesimama ni tabia ya silinda tatu, lakini usukani ukitetemeka sana, mauntingi, yaani raba zinazoishikilia injini, zimechoka, na hilo ni punguzo la bei tu. Fungua rejeta ikiwa bado baridi: ukikuta maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, mwombe muuzaji akueleze limewahi kuchemsha mara ngapi. Panda nalo mlima taratibu, bila kukanyaga sana. Likisita au likitetemeka hapo, liache, hata akikupunguzia milioni.