Barua ya mahakama: naomba muda vipi?

Kassim, Leicester:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nilikwenda Tanga kumzika baba mkubwa, nimerudi jana usiku nikakuta barua ya mahakama. Mwenye nyumba niliyohama mwaka juzi ananidai pauni 1,940 za kodi na ukarabati. Kodi ya mwezi mmoja kweli nadaiwa, ukarabati hapana. Hati imetolewa 10 Juni, leo ni 26. Risiti na picha zangu ziko kwenye boksi kwa shemeji, Birmingham. Nimwandikie hakimu aniongezee muda? Au nimeshachelewa?

Rama:
Pole na msiba. Yangu niliitia droo tu, hakuna aliyekuja.

Mama Nuru, London:
Rama, hawakuja mlangoni kwa sababu hawana haja. Ukinyamaza, mdai anaomba hukumu bila wewe kusikilizwa na anapewa. Usipolipa yote ndani ya mwezi, jina linakaa kwenye daftari la madeni miaka 6, halafu nenda kapange nyumba tuone.

Kassim mwanangu, pole sana. Hujachelewa, ila usilale nayo. Hati ikitolewa kwa mtandao huhesabiwa umeipokea siku ya tano, yaani 15 Juni, hata kama ulikuwa makaburini Tanga. Kuanzia hapo una siku 14, mpaka tarehe 29. Ndani ya bahasha kuna fomu ya kukiri kwamba madai yamekufikia, na nywila ya kuijaza mtandaoni. Ijaze leo, weka alama kwamba unapinga sehemu ya madai. Kisanduku cha utetezi usikiguse, ukiandika hata mistari miwili ya hasira huenda ikachukuliwa ndiyo utetezi wako. Kwa fomu hiyo tu muda unafika siku 28 tangu 15 Juni, yaani 13 Julai, bila kumbembeleza mtu.

Boksi likichelewa, humwombi hakimu kwanza, unamwomba mdai au wakili wake. Kanuni zinawaruhusu mkubaliane mpaka siku 28 zaidi, kwako 10 Agosti. Mwandikie hivi: “Nilikuwa nje ya nchi kwa mazishi, vielelezo vyangu viko mji mwingine. Naomba ukubali niwasilishe utetezi kufikia 10 Agosti. Tafadhali nijibu kwa maandishi.” Akikubali, wewe ndiye wa kuijulisha mahakama, kwa maandishi, na namba ya kesi. Hapa ndipo wengi huteleza, wanadhani wakili wa mwenzao atapeleka habari.

Akikataa ndipo unakwenda mahakamani na fomu N244, kabla ya 13 Julai, na tiketi ya ndege ukiambatanisha. Ina ada, ila mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe kwa fomu EX160.

Bi Saada, Glasgow:
Niongeze tu: hayo ni ya England na Wales. Huku Uskochi taratibu na siku zake ni nyingine, msije mkanakili.

Kassim:
Shukrani Mama, shukrani nyote. Fomu nimeijaza saa tano usiku, nimepiga picha ukurasa wa uthibitisho. Wakili wake nimemwandikia asubuhi hii. Shemeji naye anasema boksi lipo, chini ya cherehani, lakini fundi wa bomba alilimwagia maji mwezi wa nne.

Mama Nuru:
Basi panda basi leo hii ukazianike. Na benki yako iombe taarifa za malipo ya miezi ile, hizo hazilowi.