Duka limeniuzia madabodi ya AM5 likijua RAM zangu ni DDR4, sasa linanizungusha

Wadau, kama uko Kisumu na unapanga kuhamia AM5, ile soketi mpya ya prosesa za AMD kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), soma hapa kabla hujatuma M-Pesa.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na mazishi. Mashine yangu ilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 3600 kwenye madabodi ya B450, na RAM za DDR4 (kizazi kilichotangulia DDR5), GB 32. Video za 4K zikaanza kuilemea, nikaenda duka moja mjini. RAM nilizibeba mkononi. Nikaziweka kaunta, nikauliza: hizi zitaingia? Jamaa akachukua moja, akaigeuzageuza, akasema pini ni 288 huku na 288 kule, "hakuna shida boss." Nikalipia Ryzen 5 7600 na madabodi yake, prosesa na madabodi ya zamani nikawaachia ili wanipunguzie bei.

Pini kweli ni 288 zote, na hapo ndipo wanapokunasa. Angalia lile pengo dogo kwenye ukingo wa RAM: la DDR5 limesogezwa makusudi ili DDR4 isiingie, hata ukandamize vipi. Umeme nao ni tofauti. DDR4 hupokea volti 1.2 kutoka kwa madabodi. DDR5 ni volti 1.1, na chipu ya kuudhibiti umeme huo imo kwenye RAM yenyewe. AM5 imekuwa ya DDR5 pekee tangu itoke 2022. Muuza kompyuta hajui hilo?

Niliporudi dukani wakaniambia nisasishe BIOS, ile programu ya kuwashia madabodi, eti itakubali. Jamani! BIOS mpya husaidia bodi itambue prosesa iliyotoka baadaye, kwa mfano Ryzen 9000 za 2024. Pengo la RAM itahamisha na nini? Na kinachonichoma zaidi, ile B450 yangu ndiyo iliyohitaji BIOS mpya tu ipokee prosesa yenye nguvu zaidi, Ryzen 7 5700X3D, na RAM zangu zingebaki pale pale. Hawakunitajia. Sasa wanasema wameshaiuza.

Suluhisho lao? Ninunue DDR5 kwao, kwa bei inayokaribia ya prosesa, maana RAM zimepanda vibaya tangu mwisho wa 2025. Nikidai pesa zangu wananionyesha maandishi ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Risiti yao iko juu ya Katiba?

Kuna familia Bondo inasubiri video ya mazishi, na mimi ninahangaika na laptopu ya shemeji inayozima kila ikipata joto.

Aliyewahi kupeleka kesi ya aina hii mahakama ya madai madogo hapa Kisumu, anieleze walivyomshughulikia. Na mwenye B450 au B550 nzima, hata kama yuko Nakuru, anitumie ujumbe na bei. Wa kuniambia "ungeuliza kwanza" asijisumbue, niliuliza RAM zikiwa mbele yake.