Deki ya kurekodi DVD, ving'amuzi viwili na tv moja: vyote vipite ndani ya deki au kila kimoja njia yake?

BintiPangani
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa waliokwisha kuhangaika na nyaya nyuma ya tv.

Kaka yangu aliyeko Muscat ameniletea deki ya DVD inayorekodi. Haja yangu kubwa ni kanda za VHS za nyumbani: harusi ya wazazi ya mwaka 1994, na maulidi ya mtaani ambayo babu alisoma akiwa bado na sauti yake. Hii ya maulidi imeanza kuota ukungu mweupe pembeni. Babu hayupo tena, na hiyo ndiyo picha yake pekee inayotembea. Pili, mama angependa kurekodiwa mawaidha ya Ramadhani kutoka king'amuzi cha antena, maana saa zile yuko jikoni.

Nilivyo navyo: tv bapa ya inchi 32 yenye HDMI mbili na AV moja, king'amuzi cha dishi, king'amuzi cha antena, deki ya zamani ya VHS na hii mpya. Deki mpya ina matundu ya kuingizia ya njano, nyekundu na nyeupe nyuma (L1) na mengine mbele (L2), matundu ya kutolea, HDMI, na mawili ya antena.

Fundi wa mtaani kanichorea hivi: kila kitu kiingie kwenye deki, kisha waya mmoja utoke kwenda kwenye tv. Jirani anasema hapana, kila kimoja kiende kwenye tv peke yake. Nimfuate nani?

MzeeWaDeki
Fundi wako hajakosea. Zamani za tv ya chogo sote tuliunga hivyo: antena inaingia deki, deki inaingia tv, basi. Uzuri wa mfuatano ni kwamba unachokiona kwenye kioo ndicho kinachoingia kwenye diski. Huwezi kurekodi saa nzima kisha ukakuta ulichagua tundu lisilo na kitu. Na mama atabaki na source moja tu kwenye tv, hahangaiki na rimoti nne.

fundi_redio
Mzee, shikamoo. Kwa tv ya chogo nakubaliana nawe kabisa. Kwa tv bapa naona hasara ni kubwa kuliko faida.

HDMI ya deki hizi ni ya kutolea tu, haipokei kitu. Kwa hiyo king'amuzi cha dishi kikipitishwa kwenye deki lazima kiingie kwa waya za rangi tatu. Waya wa njano unabeba picha ya kawaida ya PAL (mfumo wa picha wa tv za kwetu), mistari 576, hata kama chaneli yenyewe ni HD ya mistari 1080. Ukija kutoa kwa HDMI upande wa pili, ile HD hairudi. Deki inaikuza tu picha iliyokwishapungua, ndiyo maana maandishi ya chini ya taarifa ya habari yanakuwa na ukungu.

La pili, deki nyingi zikizimwa hazipitishi kitu kilichoingia L1. Maana yake deki iwake kutwa ili nyumba iangalie tv. Feni inazunguka, vumbi linaingia, na hii unayoitaka kwa kazi ya kanda inachakaa kabla hujamaliza kanda zenyewe.

Mimi ningefanya hivi:

Dishi: HDMI moja kwa moja kwenda HDMI 1 ya tv.
Antena: HDMI kwenda HDMI 2 ya tv, na waya za rangi tatu kwenda L1 ya deki. Ving'amuzi vingi vinatoa kote kuwili kwa wakati mmoja. Jaribu chako kwanza.
Deki ya VHS: kwenda L2, pale mbele.
Deki mpya: waya za rangi tatu kwenda AV ya tv.

Nyangumi
Hapo mwisho sikubaliani na fundi. Kwa nini deki mpya inyimwe HDMI? DVD kwa HDMI inapendeza zaidi kuliko kwa waya wa njano, rangi nyekundu hasa haimwagiki. Mimi king'amuzi cha antena ndicho ningekipeleka AV.

fundi_redio
Inategemea anaangalia nini zaidi. Kama angekuwa mtu wa filamu za DVD ningekufuata. Lakini yeye ana kanda za VHS, na VHS yenyewe ni picha laini tangu mwanzo, haina cha kupoteza kwenye waya wa njano. King'amuzi kinacho. HDMI mbili apewe mwenye picha nzuri.

Na kuna faida moja mfuatano hauwezi kumpa: kwa mpango wangu watoto wanaangalia mpira kwenye dishi, huku deki inarekodi mawaidha kutoka antena kimya kimya. Ila king'amuzi cha antena kiachwe kwenye chaneli ile ile mpaka mwisho. Akibadilisha mtu chaneli, na rekodi inabadilika.

BintiPangani
Ahsanteni sana. Swali: deki ina tundu la antena. Siwezi kuchomeka antena humo ikashika chaneli yenyewe, nikaachana na waya za L1?

Nyangumi
Haitashika. Deki hizo nyingi zina kipokezi cha analojia tu, na analojia kwetu ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata. Ukitafuta chaneli utapata chenga tupu. Ila tundu lile si takataka: mawimbi yanaingia na kutoka upande wa pili bila kuguswa, kwa hiyo kwa mwenye tv yenye DVB-T2 (kipokezi cha antena cha dijitali) ndani yake antena inaweza kupita hapo ikafika kwenye tv. Kwako halina kazi.

MamaSalha
Mdogo wangu, angalia pia usishawishiwe kununua ule waya wa matawi mawili ili ving'amuzi viwili viingie L1 pamoja. Mimi niliuziwa. Nikiwasha vyote picha zinapandana, nikiwasha kimoja picha inafifia, maana kile kingine hata kikizimwa bado kinaivuta. Tawi ni la kugawa kitu kimoja kwenda kuwili, si la kukusanya viwili. Ukitaka kukusanya, nunua kiboksi cha AV chenye vitufe vya kuchagua, hakihitaji hata umeme.

MzeeWaDeki
Marahaba fundi. La chaneli mbili kwa wakati mmoja limenishinda, nakupa haki yako. Binti, kwa kanda nina moja muhimu kuliko nyaya zote: ile yenye ukungu USIICHEZE. Ukungu unaingia kwenye hedi ya deki (kile kinachosoma kanda), kisha kanda zisizo na ukungu utakazoweka baadaye zinaambukizwa. Ipeleke kwanza kwa mtu anayejua kusafisha. Zile nzima peleka mbele mpaka mwisho na urudishe nyuma mara moja kabla ya kurekodi, zilegee.

BintiPangani
Wakuu, nimeunga leo asubuhi kama alivyosema fundi. Dishi safi, antena safi. Lakini deki kwenye AV inaleta picha NYEUSI NA NYEUPE, sauti ipo. Nimebadilisha waya mara mbili. Deki ni mbovu? Au ni mambo ya NTSC, ule mfumo wa picha usio wa kwetu?

fundi_redio
NTSC ungeiogopa kama deki ingekuwa mtumba wa Marekani au Japani, na hapo hata umeme ungekuwa wa volti 120 au 100. Ya Oman ni PAL kama kwetu, na volti 240.

Angalia tundu ulilochomeka waya wa njano nyuma ya tv. Ni la kijani?

BintiPangani
Ndiyo, ni la kijani, limezungushiwa duara la njano. Hakuna la njano peke yake.

fundi_redio
Basi deki yako ni nzima. Tundu hilo lina kazi mbili. Bonyeza Source uone kama umechagua Component. Hapo tv inachukua mwanga tu kutoka tundu la kijani na kungoja rangi kwenye la bluu na jekundu, hazipo, ndiyo unaona nyeusi na nyeupe. Chagua AV.

BintiPangani
Imekubali!! Mama kapiga kigelegele, rangi ya kanga za harusi imerudi. Kanda ni ya saa tatu, nirekodi kwa SP au LP?

fundi_redio
SP, diski mbili. Diski ya GB 4.7 kwa SP inachukua saa mbili, LP inachukua nne lakini watu wakicheza picha inakuwa vijumba vijumba. Kata pale penye mapumziko ya shughuli. Ukimaliza ingia kwenye menyu uifunge diski, wanaita Finalize. Isipofungwa haitasomeka kwenye deki nyingine. Kisha inakili kwenye kompyuta na kwenye flash, diski nayo inachubuka.

BintiPangani
Diski ya kwanza nimefunga, imesoma kwa jirani. Ya maulidi nimeipeleka kusafishwa, nitaambiwa Alhamisi. Kwenye harusi tumemwona babu sekunde chache tu, amekaa mkekani nyuma ya bibi, anarekebisha kofia. Hatukujua kama yumo. Nimeirudisha nyuma mama akaangalia mara nne.