Nimemaliza fizikia ya mwaka mmoja, niongeze nyingine kabla ya kuomba udaktari Marekani?

Mwana_Kibosho:
Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Niko mwaka wa pili chuoni Minnesota. Nyumbani Tanzania ukitoka Form Six na PCB yako (fizikia, kemia, baiolojia) unaingia MD, digrii ya udaktari, moja kwa moja, miaka mitano. Huku natakiwa nimalize digrii kwanza ndipo niombe udaktari. Fizikia ya mwaka mzima na maabara zake nimemaliza, ile isiyo na kalkulasi: muhula wa kwanza A, wa pili B. Profesa ananishawishi nichukue fizikia ya kisasa, na moyo unataka kweli, hili somo nalipenda tangu O-level. Ila muhula ujao nina baiokemia, nataka na takwimu, na usiku tatu kwa wiki nafanya kazi nyumba ya wazee. MCAT, ule mtihani wa kuombea udaktari huku, nataka kufanya mwakani. Mzee anasema ongeza, wataona una uwezo. Naombeni ushauri.

Daktari_Msafiri:
Hongera mdogo wangu. Njia hiyo nimeipita. Sehemu ya kemia na fizikia kwenye MCAT ina maswali 59 kwa dakika 95, na fizikia ni kama robo yake. Robo yenyewe ni mambo ya utangulizi: mwendo, vimiminika, saketi, lenzi, sauti. Rilativiti, ya hiyo fizikia ya kisasa, hutaikuta. Na kikokotoo hakiruhusiwi, kwa hiyo hesabu za kichwani ndizo za kufanyia mazoezi.

Rudia ulichosoma mpaka ukione mwilini. Mshipa ukisinyaa, upana ukabaki nusu, upinzani kwa damu unapanda mara 16. Hiyo ni fizikia ya vimiminika uliyokwisha kufanyia mtihani. Ukiielewa hivyo, utaikumbuka mbele ya mgonjwa wa presha. Kozi ya tatu haitakupa hilo.

Binti_wa_Mwambao:
Naomba nitofautiane kidogo na daktari. Mimi niliongeza na sijutii, nilikuwa nalipenda somo kama wewe. Lakini jua kwamba kwenye maombi wanapiga wastani wa baiolojia, kemia, fizikia na hesabu peke yake. A itakubeba, C itakuuma. Wewe muhula wa pili umepata B bila baiokemia pembeni. Piga hesabu hiyo kwanza.

Nesi_Zamu:
Mwanangu, hiyo kazi ya wazee usiiache. Unawageuza, unawaogesha, unawasikiliza saa nane usiku. Siku ya usaili watakuuliza kwa nini udaktari, na jibu lako liko humo. Lakini ulale. Baiokemia, fizikia na zamu tatu, utaanguka.

PCB_Daima:
Takwimu chukua. Kusoma utafiti bila takwimu ni kuamini tu ulichoandikiwa.

Mwana_Kibosho:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Nimeongea na mzee jana, nikamweleza habari ya wastani, akanyamaza kisha akasema, "Basi fanya hayo mawili vizuri." Kwa hiyo ni baiokemia na takwimu. Fizikia ya kisasa nitaichukua mwaka wa mwisho, MCAT ikiwa imepita, kwa sababu naipenda.

Daktari, huo mfano wa mshipa nimeuandika kwenye daftari. Una mwingine wa namna hiyo kwa upande wa saketi? Hapo ndipo B ilipotokea.