Tupeane uzoefu: kauboi wa kwanza kukuingia moyoni, ulimwona wapi na nani?

Mwanzisha uzi

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Tulimzika baba wiki tatu zilizopita. Usiku mmoja wa matanga tukajikuta ndugu wote tunasimulia kitu kimoja: Drive-In ya Msasani, ile sinema ya Dar iliyotazamwa mkiwa kwenye gari.

Baba alikuwa na pikapu, Peugeot 404. Watoto watano tunapangwa nyuma juu ya mkeka, mama yuko mbele na kapu la mihogo. Siku ninayoikumbuka zaidi walionyesha Django, ile ya 1966 aliyocheza Franco Nero. Mtu anatembea kwenye matope, tandiko begani, anaburuta jeneza. Baba Kiingereza hakukijua, lakini alitutafsiria mwanzo hadi mwisho, kiwiko kikiwa nje ya dirisha. Alisema bwana huyu kafiwa na mke, na jeneza lile ndio msiba wake, hautui mpaka waliomuua walipe. Rashasha ilipotoka ndani ya jeneza tulipiga mayowe. Baba akasema, "Ndiyo hasira yake hiyo, kaifungia humo."

Niliitazama tena ukubwani, maneno nikiyaelewa. Kumbe kweli steringi alikuwa ameuliwa mpenzi wake. Mwishoni maadui wamemponda mikono, hawezi tena kushika bastola. Anakwenda makaburini, anaiegemeza kwenye msalaba wa yule mwanamke ndipo anafyatua. Baba hakushika neno hata moja la filamu ile, na hakukosea.

Nawaombeni na nyie msimulie. Msinitajie orodha ya filamu bora, nataka siku yenyewe ilivyokuwa.

Mchangiaji wa Tanga

Pole sana mkuu, Mungu amlaze mzee pema.

Mimi ni wa kizazi cha vibanda umiza, vile vya kuonyesha video kwa kiingilio. Mkanda ulikuwa Once Upon a Time in the West, wa 1968. Charles Bronson haongei, anapuliza kinanda cha mdomo tu, na filamu karibu nzima tunajiuliza anamdai nini Henry Fonda. Wanaposimama kupigana ndipo inakuja kumbukumbu: mtoto, ndiye Bronson mwenyewe zamani, amembeba kaka yake mabegani, kaka ana kitanzi shingoni, Fonda anamsokomeza mtoto kinanda mdomoni. Mtoto akiishiwa nguvu, kaka ananyongwa.

Nilikuwa na miaka 11. Mdogo wangu nilimwacha nje kwa sababu hela yetu ilitosha mtu mmoja. Nikatoka kumtafuta kabla ya risasi ya mwisho. Nilimkuta amelala ukutani, amekumbatia viatu vyangu. Mwisho wa filamu ile nimeuona nikiwa nimeshaoa.

Mfugaji, Simanjiro

Nimekua nyuma ya ng'ombe, kwa hiyo mimi filamu hizi zilinisumbua kwa jambo jingine. Wanaitwa wachunga ng'ombe, mbona hawachungi? Kila mtu anapigana, kundi liko na nani?

Nikaanza kusoma. Kauboi wa kweli alikuwa kibarua wa kuswaga ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye reli huko Kansas. Mji wa Abilene ulianza kupokea makundi hayo 1867. Walikwenda kama kilomita 16 hadi 24 kwa siku, si zaidi, mifugo isikonde njiani. Usiku walilizunguka kundi kwa zamu huku wakiimba taratibu, lisishtuke likatimka. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Babu yangu aliwaimbia ng'ombe wake hivyo hivyo radi ikipiga.

Kisha ikaja seng'enge. Joseph Glidden alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya ile yake 1874, nyanda zikaanza kufungwa, na haikupita miaka mingi safari zile ndefu zikaisha. Njia ambayo babu alipitisha mifugo kwenda majini, leo nayo ina uzio.

Mchangiaji, Nakuru

Mfugaji, umenigusa. Andika zaidi ukipata nafasi.

Langu ni fupi. Kaka yetu aliuawa na majambazi 2009. Ndugu zangu wa kiume walikuwa wanapanga kulipiza, kila jioni ni hayo tu. Mjomba akaweka Unforgiven ya Clint Eastwood, ile iliyotoka 1992. Yule kijana anayejigamba ameua watu wengi, akiua mtu kwa mara ya kwanza kweli, anakaa chini ya mti na chupa ya pombe, analia, hataki tena bunduki. Ndugu yangu mdogo alitoka sebuleni. Nilimfuata nikamkuta amesimama kwenye banda la kuku gizani. Hakusema kitu, nami sikumwuliza. Polisi ndio waliomaliza kesi hiyo, baada ya miaka miwili.

Mwishoni mwa filamu hiyo Eastwood mwenyewe anarudi kuua. Sehemu hiyo bado siipendi, na nimeitazama mara tatu.

Dereva wa malori, Marekani

Salamu kutoka barabarani. Nilizaliwa Kigoma, nikikua najua kauboi ni mzungu. Mwaka juzi nilipumzika Fort Smith, Arkansas, nikaona sanamu ya mtu mweusi juu ya farasi, na bunduki. Ni Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa 1838, na kuanzia 1875 akawa askari wa mahakama ya serikali kuu, akiwasaka wahalifu katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Hakujua kusoma. Alisomewa hati za kukamata watu, akazishika kichwani. Mwanawe alipomuua mke aliyemwoa, Reeves mwenyewe ndiye aliyekwenda kumkamata.

Nilimpigia simu mama saa hiyo hiyo, huko ilikuwa usiku wa manane. Akaniuliza, "Na huyo baba, alirudi nyumbani akala?" Hilo swali ninatembea nalo mpaka leo.

Mwanzisha uzi

Nimesoma yote, mengine nimewasomea wadogo zangu kwa sauti. Arobaini ya baba ni Jumamosi ijayo. Jioni yake tutatandika mkeka uani, tuwaonyeshe wajukuu Django ukutani. Maneno yaliyoandikwa chini ya picha nitayazima. Nitawatafsiria mimi.